Chupa ya Kupimia Suruali

Kijiji chetu, upande wa Issuna, kilikuwa na chupa moja ya soda. Nani aliinywa soda yenyewe, hakuna aliyekumbuka. Mimi niliikuta tayari ni kipimo cha mafuta ya taa katika duka la kijiji, imefungwa kamba shingoni na kutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku isiyo ya kuuza mafuta, ukiona msumari uko wazi, ulijua Balozi ameichukua na anapita njiani kupima suruali. Vijana wa kiume walikwenda shambani wenyewe siku hizo, bila kuitwa na mtu.

Jina lake silitaji. Hata mke wake alimwita Balozi, na akikasirika alimwita Balozi kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, cheo cha chini kabisa cha uongozi, kazi ya kuamua kesi za mbuzi walioingia kwenye uwele wa jirani na kuhimiza watu wafike shamba la ujamaa kabla jua halijawa kali. Lakini lilipoletwa agizo kutoka wilayani kwamba mavazi yasiyo ya heshima yakomeshwe, wakubwa wake walilisikia, wakakubali kwa kichwa, wakarudi kwenye mtama wao. Yeye alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alilibeba kila mahali.

Kipimo kilikuwa hiki. Kijana alisimama wima, akalegeza mkanda, chupa ikaachiwa kiunoni kwa ndani. Ikitokea chini kwenye kisigino, suruali ni halali. Ikikwama, inabana, na mwenyewe aliletwa kwangu huku akinuka mafuta ya taa ili nifumue mshono. Baadaye ziliingia bugaluu, zile suruali zilizopanuka chini kama sketi, na chupa ikawa haina maana tena. Ilipita ndani ya bugaluu bila kugusa kitu. Balozi alifikiri kwa muda, kisha akaja na kipimo cha pili, yaani kuku. Mguu wa suruali ukiweza kumpitisha kuku mzima, ni ubadhirifu wa kitambaa cha taifa. Kwa hiyo sheria ya kijiji chetu ikawa fupi na kila mtoto aliijua: suruali ya heshima inapitisha chupa, haipitishi kuku.

Mimi, binti mdogo wakati ule, nilikuwa fundi cherehani, na hapo ndipo sheria hiyo iliponigusa.

Sikufundishwa na mtu. Shangazi aliniachia cherehani ya mkono alipofariki, na baada ya baba kutuacha, mama na wadogo zangu walikula na kuvaa kwa gurudumu lile. Nilijifunza kwa kufumua. Nilichukua shati kuukuu, nikalifumua lote, nikalitazama lilivyolala vipande vipande kwenye mkeka, kisha nikalishona upya, na lilipokataa kurudi shati nikalia, nikafumua tena. Mtu aliyefundishwa anajua wapi anaruhusiwa kukosea. Mimi sikuambiwa, kwa hiyo niliogopa kila mahali. Pindo likienda kombo hata kidogo sikulala. Wateja waliondoka wameridhika, mimi nikabaki nimekunja uso. Bado niko hivyo, na hata kuandika haya nafuta zaidi kuliko ninavyoandika.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akiwa kwenye mkutano wa kijiji, na Balozi amesimama mbele, anasema, "Na fundi yeyote atakayeshona nguo ya kubana, cherehani yake itakuwa mali ya kijiji." Alisema "fundi yeyote" huku akinitazama mimi, na alikuwa na haki ya kunitazama, kwa sababu mafundi wengine hawakuwapo.

Mama alininong'oneza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi pima vizuri."

Kana kwamba nilikuwa napima vibaya.

Balozi hakuwa mtu mkali wa sura. Alikuwa mrefu, mkimya akiwa na njaa, mwenye masikio makubwa ambayo watu walisema yamepanuka kwa redio. Redio ndiyo ilikuwa kitu chake cha thamani. Betri zikianza kuchoka alizitoa na kuzianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akakaa karibu nazo kuzilinda na ng'ombe. Alitukataza kusikiliza stesheni za nje, kwamba zinapotosha, na yeye mwenyewe alizisikiliza kila jioni.

"Mimi nasikiliza kwa kazi," alimwambia mzee mmoja aliyemuuliza. "Nisiposikiliza nitajuaje cha kukataza?"

Na kweli alijua. Wanaume wengine walikuja dukani na habari za mpira au mvua, yeye alikuja na habari za marufuku. Alifuatilia mataifa yanavyokataza vitu kama mtu anavyofuatilia mwenendo wa wakwe. Malawi, alisema, mwanamke haruhusiwi kuvaa suruali, na mgeni mwenye nywele ndefu anazuiwa mpakani mpaka anyolewe. Uganda wamepiga marufuku vimini. Kuna nchi za Kiarabu ambako hakuna sinema hata moja, na watu wanaishi. Habari iliyomfurahisha kuliko zote ni ya Afrika Kusini, kwamba Makaburu kwa miaka yote hiyo walikuwa wamekatazana televisheni wao kwa wao.

"Wana fedha, wana umeme, halafu wanakatazana," alisema. "Hao nao wanaogopa kitu."

Mwuza duka, mtu wa Iramba mwenye kupenda ubishi, akamuuliza, "Na Visiwani, Balozi? Nasikia Unguja wameweka televisheni ya rangi. Nchi hiyo hiyo moja, wao wanayo, sisi huku bara hatuna. Sisi tumekatazwa?"

Balozi akafikiri. "Sisi hatujakatazwa. Sisi hatuna."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti ni kubwa sana. Ili kitu kikatazwe, lazima kwanza kiwepo. Kukataza ni kazi ya mtu mwenye vitu."

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikasikia. Wakati ule nilidhani ni maneno tu ya kumshinda yule Mnyiramba.

Siku nyingine alikuja na habari ya Singapuri. Huko, alisema, mwanaume mwenye nywele ndefu akienda ofisini anahudumiwa wa mwisho, na imebandikwa ukutani. Habari hii haikumwacha alale. Siku ya mafuta ya taa iliyofuata alisimama mlangoni mwa duka akatangaza kwamba wasionyoa watapimiwa mwisho. Watu wakatazamana. Ulikuwa msimu wa kulima, wembe ulikuwa umeadimika, na hakukuwa na mwanaume aliyenyoa kijiji kizima. Foleni yote ikawa ya mwisho. Balozi mwenyewe akajipapasa kisogo, akagundua.

Alikuja kwangu moja kwa moja.

"Fundi, nipe mkasi."

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba. Nipe mkasi."

"Mkasi huu ni wa nguo, Balozi. Ukikata nywele unapoteza makali."

"Nywele ni laini kuliko nguo."

"Zinapoteza makali, Balozi."

Sikuwahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote, lakini mkasi sikutoa. Akasema taratibu, "Basi imekatazwa?"

"Imekatazwa."

Nilidhani atakasirika. Akarudi dukani akawaambia watu kwamba Singapuri ni mbali, wapimiwe tu kama kawaida. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa heshima zaidi. Aliheshimu sana katazo, hata la mtu mwingine.

Vitu alivyovikamata hakuviharibu, na hilo watu wa nje hawakulielewa. Alivitunza. Alikuwa na sahani ya santuri ya muziki wa soul, aliyomnyang'anya kijana aliyerudi kutoka Dodoma. Gramafoni haikuwapo kijijini, kwa hiyo ule muziki ulikuwa hauwezi kumpotosha mtu, lakini alisema uovu hauhitaji kusikika. Mke wake aliitumia kufunikia chungu cha maziwa. Alikuwa na kopo la krimu ya kujichubua, na mkokoteni wake ulipoanza kulia ekseli aliupaka hiyo krimu. Watoto walikwenda kila asubuhi kuangalia kama ekseli imekuwa nyeupe.

Alikuwa pia na wigi. Lilikuwa la mke wa mwalimu mgeni, mama mmoja mpole aliyelivaa siku moja tu, akaombwa alikabidhi mpaka atakapohama. Balozi aliliweka ndani ya kikapu kwenye kona ya nyumba. Wakati mwalimu alipopata uhamisho, mkewe alifika kulichukua, akakuta kuku amelalia mayai juu yake, na ni yule yule kuku wa kupimia bugaluu.

"Naomba wigi langu, Balozi."

"Lipo, mama. Lakini kuku yuko kazini."

"Lori linaondoka kesho."

"Nitakutumia," alisema Balozi. "Na kifaranga mmoja, kwa usumbufu."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliondoka bila wigi. Vifaranga walipoanguliwa, nyweleni humo, Balozi alisema kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza aliyoiona katika wigi.

Sasa niseme kuhusu suruali yake yeye, maana hakuwa nayo.

Kabla ya mambo ya suruali, Balozi alikuwa mtu wa shuka, la kufunga begani, kama wazee wengi wa kwetu, na mguu wake wote ulionekana upepo ukivuma. Hapa kwetu upepo unavuma. Halafu wakaja watu kusema shuka ni ushamba, raia wa nchi huru avae suruali. Akavaa kaptula ya kaki, na shuka juu yake, asipoteze upande wowote. Hajakaa sawa, wakaja wengine kusema suruali nazo zina makosa. Mzee mmoja alimchokoza, "Balozi, hicho kimini unachokikataza kinaonyesha nini ambacho shuka letu halionyeshi?" Balozi akamjibu kwa Kinyaturu, kwa kirefu, na sote tuliokuwa karibu tukainama kufunga kamba za viatu, hata tuliokuwa pekupeku.

Ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka wilayani atatembelea kijiji. Viongozi wote wawe na suruali ndefu. Balozi akapata kipande cha kaki dukani, akaniletea akiwa amekikunja kama barua ya serikali.

"Fundi. Ipitishe chupa, isipitishe kuku."

"Ndiyo, Balozi."

Kumpima kulikuwa na shida yake. Binti hawezi kumpima mzee kila mahali. Ncha ya juu ya kamba ya kupimia aliishika yeye, ya chini nikaishika mimi, na sote wawili tukatazama mawe ya mlimani kana kwamba tumeagizwa kuyahesabu. Nilipima, nikapima tena, nikamwomba radhi nikapima mara nyingine. Sikuacha hata upana wa ukucha. Kitambaa chote kilichozidi nilikikata, kwa sababu kilichozidi kilionekana kwangu kama uchafu. Alipojaribu, chupa ilishuka polepole ikatoka. Kuku hakuingia hata kichwa. Nilipiga pasi mishono, nikajisikia, kwa mara ya kwanza maishani, kama mtu aliyefundishwa.

Ilikuwa miezi ya njaa hiyo, mtama bado mdogo shambani, watu wanakula mara moja kwa siku. Mgeni hakuja. Akaahirisha, akaahirisha tena. Suruali ikakunjwa ikawekwa sandukuni isichakae, na mvua zikanyesha vizuri mwaka ule, tukavuna. Watu walikula. Maziwa yalikuwapo, pombe ya mtama ilikuwapo, na Balozi, kama balozi, alialikwa kwenye kila nyumba katika nyumba zake kumi. Ndipo mgeni akaja.

Mke wake alinieleza baadaye kwamba asubuhi ile Balozi aliivaa akiwa amelala kitandani, na yeye mke akivuta kutoka juu. Mimi nilimwona alipotokea uwanjani. Niliona mshono wa paja umekaa kama ngozi ya ngoma.

Mgeni alikuwa mtu mcheshi, mnene kidogo, aliyependa kuuliza. Alikagua ghala, akakagua mbuzi, akasema, "Nimesikia hapa mna chupa maarufu. Hebu tuione inavyofanya kazi. Vijana wako wapi?"

Balozi akajibu, "Vijana wako shambani, Ndugu Mgeni, wanajenga taifa." Vijana walikuwa wameona msumari uko wazi tangu alfajiri.

Mgeni akazungusha macho. Waliobaki walikuwa kina mama, na wazee wa shuka. "Basi tuonyeshe wewe mwenyewe, ndugu yangu. Kiongozi ni mfano."

Balozi hakusita. Alilegeza mkanda, akaiachia chupa. Ilishuka mpaka katikati ya paja, ikakaa. Akatikisa mguu. Ikakaa. Akaruka kidogo, kwa heshima, na mafuta ya taa yaliyokuwa yamebaki ndani yakaanza kulowesha kaki, doa likawa linashuka mpaka gotini mbele ya umati. Nyuma yangu mtu alicheka kwa pua, akanyamaza.

Mgeni akaacha kutabasamu. "Nani ameshona hii?"

Watu waligeuka kunitazama, na kugeuka kwao kukawa jibu. Mama alinishika kiwiko. Akilini niliiona cherehani inabebwa na vijana wawili kupelekwa ghalani, niliona wadogo zangu wakiifuata, na katikati ya yote hayo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nawaza kwamba mishono yenyewe imenyooka.

Balozi alisimama wima, mkono juu ya paja, umeufunika uvimbe wa chupa.

"Ndugu Mgeni, kabla ya fundi kutajwa, naomba nitoe taarifa ya kijiji."

"Toa."

"Suruali hii ilipimwa kabla ya mavuno. Chupa ilikuwa inapita, mashahidi wapo. Sasa ni baada ya mavuno. Fundi hakupunguza kitu. Aliyeongezeka ni mimi. Na kilichoniongeza ni shamba la ujamaa."

Mgeni alimtazama usoni, akatazama paja, akatazama usoni tena. Unaweza kumwambia mtu suruali yake inabana. Ni vigumu kumwambia, mbele ya watu, kwamba shamba la ujamaa halinenepeshi. Mzee mmoja wa shuka, yule mchokozi, akaanza kupiga makofi. Kina mama wakapokea kwa vigelegele. Mgeni akamgeukia karani wake akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa akaamua kufurahi, "Andika. Wananchi wamenenepa."

Hotuba ilikuwa ndefu. Balozi aliisikiliza yote amesimama, maana kukaa hakukuwezekana. Baadaye niliitwa dukani, akasimama nyuma ya mlango na kutoa mguu tu, nami nikafumua mshono mpaka chupa ikadondokea mikononi mwangu, ya moto kama yai. Foleni ya mafuta ya taa ilikuwa inangoja nje.

"Fundi," alisema kutoka nyuma ya mlango, "ungeacha kitambaa cha mavuno."

"Nilipima sawasawa, Balozi."

"Ndilo kosa. Sisi huku hatupimwi sawasawa. Uliza kwanza ni mwezi gani."

Nililia usiku ule, si kwa ajili ya cherehani, ambayo ilikuwa imebaki mezani pake, bali kwa ajili ya kile kitambaa nilichokikata. Tangu hapo sijamshonea mtu wa kwetu nguo bila kukunja ziada ndani ya mshono.

Mwaka juzi nilihamia Kilimatinde, nashona sare za shule. Cherehani ni ile ile. Mwaka huu, katika miezi hii mibaya, alitokea barazani kwangu. Alikuwa amekuja na lori kwa ajili ya hospitali. Nilimjua kwa masikio. Vingine vyote vilikuwa vimepungua.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba, fundi. Bado unakataa mkasi?"

"Bado."

"Vizuri."

Nilimpa uji, hauna sukari, nikaomba radhi. Akasema hata huko kwetu hakuna. Nikamuuliza kama bado ni Balozi.

"Bado. Lakini sina kazi. Duka halina sabuni, halina sukari, halina kitambaa. Vijana wanavaa viraka. Nikataze nini?"

"Na Malawi wanasemaje?"

"Betri hakuna. Labda wameruhusu."

Alikuwa na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na ile suruali ya kaki, mshono wa paja ukiwa ni ule nilioushona upya siku ile, na ndani ya suruali ilikuwamo chupa. Duka halikuwa tena na mafuta ya kupimia, alisema, kwa hiyo wamempa aitunze. Aliingia nyuma ya pazia. Nilimsikia akihangaika na mkanda. Kisha nikasikia chupa ikigonga sakafu. Haikushuka, ilianguka tu, kama iliyoachiwa nje ya dirisha, ikabingirika mpaka miguuni pangu.

Nikasema, "Halali, Balozi."

"Halali sana," alijibu kutoka nyuma ya pazia. Akaitupa suruali juu ya pazia. "Bana."

"Kiasi gani?"

"Mpaka ikwame."

Nilibana mshono wa ndani na wa nje, mbele yake, akiwa amejifunga shuka na kutazama barabarani lori lisimwache. Kilichozidi kilikuwa kingi. Sikukikata. Nilikikunja ndani, upande huu na upande huu, nikakishikiza kwa mshono mrefu unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja, na nikamwonyesha uzi wenyewe ulipo.

Akaivaa, akatoka barazani, akaitia chupa kiunoni. Ilishuka mpaka katikati ya paja, ikakaa. Alitikisa mguu. Ikakaa. Akaigonga kwa kidole juu ya kaki, akasikiliza inavyolia, akanigeukia.

"Andika," akasema. "Wananchi wamenenepa."